Asia Bado, Bithinia kwa Wengine: Wito Unapopinda Njia



Wapendwa wasomaji, kati yetu wapo mafrateri waliotakiwa kurudia mwaka. Wapo waliorudi nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, au kwa sababu baba amefariki na wadogo zao hawana wa kuwalea. Wapo waliomaliza mwaka wa uchungaji, lakini barua ya kuitwa kwenye daraja la ushemasi haikufika pamoja na za wenzao. Na huko parokiani wapo waamini ambao ujanani walitamani utawa wakakataliwa. Leo wana watoto wanne na duka la vifaa vya ujenzi, na bado wakati mwingine usiku wanajiuliza kama waliikosa njia yao.

Wote hao tumezoea kuwaambia neno lilelile: subira huvuta heri. Methali ni ya kweli. Ila mara nyingi tunaitoa haraka, kama mtu anayetoa sarafu ili apite, na mwenye maumivu tunamwacha palepale tulipomkuta. Tena tunaitoa kana kwamba tunajua heri itakayovutwa ni ipi: kwamba aliyecheleweshwa atapata kilekile alichokitaka, ila baadaye kidogo. Je, hilo ndilo Maandiko Matakatifu yanalotufundisha? Tuyaangalie.

Tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 16, aya ya 6 hadi ya 10. Paulo yupo safarini pamoja na Sila na kijana Timotheo. Wanataka kuhubiri Asia, yaani lile jimbo la Kirumi lililokuwa upande wa magharibi wa Uturuki ya leo, lenye mji mkubwa wa Efeso. Wazo hilo halikuwa baya, maana watu walikuwa wengi, barabara nzuri, na Injili haijafika. Luka anasema Roho Mtakatifu aliwakataza. Basi wakageuza uso kuelekea kaskazini, jimbo la Bithinia. Huko nako Roho wa Yesu hakuwaruhusu. Wakaishia Troa, mji wa bandari, mbele yao bahari.

Luka hatuelezi Roho aliwazuia kwa namna gani. Huenda ni ugonjwa, huenda ni neno la nabii katika kusanyiko, huenda ni njia kufungwa. Tunachokijua ni kwamba watu hawa walitembea mamia ya kilometa kwa miguu wakiwa wamekatazwa kulia na kukatazwa kushoto, bila kuambiwa sababu, wala kuambiwa waende wapi badala yake. Njozi ya yule mtu wa Makedonia ilikuja usiku wa Troa, mwisho wa safari hiyo yote. Kabla ya hapo walikuwa na makatazo mawili tu mkononi.

Tunaijua sehemu inayofuata. Walivuka bahari, wakafika Filipi, na siku ya sabato kando ya mto wakamkuta Lidia, mwanamke aliyeuza vitambaa vya zambarau, akabatizwa yeye na nyumba yake. Hapa tusipite haraka. Luka anataja kwao Lidia: Thiatira. Mji huo ulikuwa katika jimbo lilelile la Asia ambalo Paulo alikuwa ametoka kukatazwa! Alizuiliwa asiende kwao, halafu akamkuta mtu wa kwao ng'ambo ya bahari, amekaa anasali. Na asidhani mtu kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Katika mji huohuo Paulo na Sila walichapwa viboko na kutiwa gerezani. Njia aliyoonyesha Mungu ilikuwa na mijeledi ndani yake.

Sasa tuulize jambo ambalo wengi hatuliulizi: ile milango miwili iliyofungwa, baadaye ilikuwaje? Asia ilifunguka. Katika sura ya 19 Paulo yupo Efeso, anafundisha kwa miaka miwili na zaidi, na Luka anaandika kwamba wakaaji wote wa Asia walilisikia neno la Bwana. Kwa hiyo lile katazo la kwanza lilimaanisha "bado". Bithinia je? Matendo ya Mitume hayasemi popote kwamba Paulo aliwahi kufika huko. Lakini fungua Waraka wa Kwanza wa Petro, aya ya kwanza kabisa. Kati ya waamini wanaosalimiwa, wamo wa Bithinia. Injili ilifika, ila kwa miguu ya watu wengine. Katazo la pili lilimaanisha "siyo wewe".

Pale Troa, kabla ya njozi, makatazo hayo mawili yalifanana kabisa. Paulo hakuwa na namna ya kujua lipi ni "bado" na lipi ni "siyo wewe". Nasi tunaposimama mbele ya mlango uliofungwa hatuna namna hiyo. Kuamini saa ya Mungu kunaanzia hapo, katika kutojua. Mtu anayesema "naamini wakati wa Mungu", huku moyoni ana hakika kwamba mwakani atapewa kilekile, anaiamini ratiba yake mwenyewe na kumwomba Mungu aipigie muhuri.

Mfano mkubwa wa jambo hili katika historia ya Kanisa, kwa maoni yetu, ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Tunamfahamu kama mwanzilishi wa Wayesuiti, na kwa sababu hiyo tunasahau kwamba hilo silo alilotaka.

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Tarehe 20 Mei 1521, akiitetea ngome ya Pamplona, alipigwa na risasi ya mzinga. Mguu mmoja ulivunjika na mwingine ukajeruhiwa. Mfupa ulipounga vibaya na kuacha kinundu, aliagiza ukatwe kwa msumeno, enzi ambazo hakuna dawa ya ganzi, kusudi viatu vyake vya fahari vimkae vizuri. Ndiye mtu ambaye Mungu alikuwa anashughulika naye. Kitandani aliomba hadithi za mashujaa zisipatikane, akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu. Alipoinuka alikuwa na nia moja tu: kwenda Yerusalemu, akae huko siku zote, ahiji mahali patakatifu na kuzisaidia roho za watu.

Njiani alipita mji mdogo wa Manresa akikusudia kukaa siku chache. Akakaa karibu mwaka mzima, kati ya 1522 na 1523, na humo ndimo ilimochipuka mbegu ya kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho. (Kitabu ambacho mafrateri wengi hukutana nacho kwa mara ya kwanza wakati wa mafungo kilizaliwa katika kuchelewa.) Hatimaye, Septemba 1523, alifika Yerusalemu. Tunaweza kufikiri machozi yake.

Hakukaa hata mwezi. Wafransisko, waliokuwa walinzi wa mahali patakatifu, walimkatalia kubaki. Mkuu wao alimweleza kwamba mahujaji waliotaka kubaki kabla yake, wengine waliuawa, wengine walitekwa na ikabidi wakombolewe kwa fedha. Inyasi alijibu kwamba haogopi. Hapo mkuu akamwambia kwamba amepewa na Kiti Kitakatifu mamlaka ya kumtenga na Kanisa yeyote asiyetii, na akataka kumwonyesha hati. Inyasi akasema hana haja ya kuziona, inatosha, atatii. Akapanda meli akarudi.

Tuangalie alivyolipokea neno lile. Alikuwa amesali, amefunga, amevuka bahari, na ndani mwake alikuwa na hakika kwamba Mungu ndiye aliyemwita Yerusalemu. Hata hivyo, hakujibu kwamba sauti ya moyoni mwake inalishinda neno la Kanisa. Alihitimisha kwamba ikiwa Kanisa limekataa, basi kubaki pale si mapenzi ya Mungu, na kwa siku nyingi njiani akawa anajiuliza: sasa nifanye nini? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1578, inatukumbusha kwamba hakuna mwenye haki ya kudai daraja takatifu, na kwamba anayedhani ameona dalili za wito anapaswa kulikabidhi wazo lake kwa mamlaka ya Kanisa. Inyasi wakati ule hakuwa akiomba daraja, lakini alikwisha kuishi mafundisho hayo.

Jibu la "nifanye nini" likawa la aibu kidogo: aende shule. Mwaka 1524 huko Barcelona, mtu mzima wa miaka 33, askari wa zamani mwenye kuchechemea, aliketi pamoja na watoto kukariri vitenzi vya Kilatini. Na hapa kuna kisa ambacho tungependa kila frateri wa mwaka wa kwanza akijue. Kila alipoanza kukariri, mawazo matamu ya mambo ya Mungu yalimjia, faraja na mwanga mpya, hata masomo yakamshinda. Angeweza kusema huyu ni Roho anamwondoa vitabuni. Lakini alijichunguza, akaona kwamba faraja hizo hazimjii kwa namna ile hata anaposali wala anapohudhuria Misa, zinamjia darasani tu. Akatambua kwamba ni kishawishi. Akamwendea mwalimu wake, akamwahidi kwamba hatakosa kipindi maadamu apate mkate na maji. Ule utamu ukakoma.

Hebu tufikiri vizuri hapo. Adui alimshambulia kwa sala! Alimtamanisha kuikimbia kazi ndogo ya leo kwa jina la kitu kikubwa na kitakatifu. Nasi tulio katika kuchelewa tuna kishawishi hichohicho. Aliyerudishwa nyumbani mwaka mmoja anakaa chumbani anasali rozari tano kwa siku, na mama yake analima peke yake. Aliyetumwa kufundisha hesabu seminari ndogo anaingia darasani hajaandaa somo, kwa kuwa moyo wake uko kwenye tarehe ya daraja lake. Wahenga wetu walisema kawia ufike. Hawakusema keti ufike.

Baada ya Barcelona alienda Alcalá, akashukiwa na kutiwa kizuizini. Akaenda Salamanca, akafungwa tena, ingawa mafundisho yake hayakuonekana kuwa na uzushi. Mwaka 1528 alifika Paris, na kwa kuwa aliona amesoma kwa haraka mno, akaanza upya kutoka chini. Katika chuo cha Sainte-Barbe alipangwa chumba kimoja na Petro Favre na Fransisko Ksaveri. Tarehe 15 Agosti 1534, wakiwa saba, waliweka nadhiri kule Montmartre. Walitaka kwenda wapi? Yerusalemu. Bado lilikuwa moyoni mwake. Ila safari hii waliongeza sharti: ikishindikana kwa mwaka mmoja, watajitoa kwa Baba Mtakatifu awatume popote.

Ikashindikana. Mwaka 1537 walikusanyika Venezia kungoja meli, na kwa sababu ya hatari ya vita kati ya Venezia na Waturuki, mwaka ule meli ya mahujaji haikuondoka. Inyasi alipewa upadre tarehe 24 Juni mwaka huo, lakini akaahirisha Misa yake ya kwanza mwaka mmoja na nusu, mpaka Noeli ya 1538. Inasadikika kwamba alitumaini kuiadhimisha Bethlehemu. Aliiadhimisha Roma, katika Kanisa la Bikira Maria Mkuu, kwenye altare ya hori. Tarehe 27 Septemba 1540 Papa Paulo III akaidhinisha Shirika la Yesu. Inyasi alikufa Roma tarehe 31 Julai 1556, wakati huo shirika lina watu wapatao 1,000. Yerusalemu hakuiona tena.

Kwake Yerusalemu ilikuwa Bithinia. Lakini tangu alipokataliwa hadi shirika lilipoidhinishwa ni miaka 17, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Sisi tunayasoma maisha ya watakatifu tukianzia mwisho, ndiyo maana tunaona kila kitu kilipangika. Aliyeyaishi aliyasoma kuanzia mwanzo, ukurasa mmoja kwa siku.

Tuongeze neno dogo, kwa kuwa linagusa pwani yetu. Fransisko Ksaveri naye hakuwa amepangwa kwenda India. Aliyeteuliwa aliugua, akaingizwa yeye mahali pake. Meli yake ilifika Msumbiji mwaka 1541 ikiwa imechelewa msimu, ikabidi wakae huko miezi kama sita, naye akawa anauguza wagonjwa. Mwaka uliofuata, akielekea Goa, alitia nanga Malindi. Kila mvuvi wa pwani hii anajua kwamba hakuna kuugombeza upepo usiokuwa wa msimu wake, lakini mvuvi huyohuyo wakati wa kungoja hushona nyavu na kuziba mashua.

Sasa tuliseme jambo gumu. Wapo ambao njia yao imepindishwa na watu: kwa uongo, kwa wivu, kwa uzembe wa mtu aliyekalia faili. Je, tuwaambie kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu? Tuwe waangalifu. Yosefu, katika Mwanzo 50:20, anawaambia ndugu zake waziwazi kwamba wao walikusudia mabaya. Hayaiti mabaya kuwa mema. Anasema tu kwamba Mungu alikuwa na kusudi lake jema katikati ya hayo. Na tukirudi nyuma, sura ya 40, Yosefu akiwa gerezani anamwomba mnyweshaji wa Farao amtaje kwa bwana wake, kwa kuwa amefungwa bila kosa. Kumtumaini Mungu hakukumzuia kutafuta haki yake. Mnyweshaji akamsahau, ikapita miaka miwili mizima. Katika miaka yote ya kifungo, Yosefu aliwahudumia wafungwa. Kwa hiyo frateri aliyesingiziwa anayo ruhusa ya kwenda kwa Gombera au kwa Askofu wake na kueleza ukweli kwa heshima. Hilo si kukosa subira. Kukosa subira ni kuacha kuhudumu wakati unangoja kusikilizwa.

Wale wa ndoa wasidhani tumewasahau. Louis Martin, fundi saa wa Alençon huko Ufaransa, aliomba kuingia monasteri ya Mtakatifu Bernardo mlimani Alps. Akaambiwa Kilatini chake hakitoshi. Zélie Guérin, wa mji huohuo wa Alençon, aliomba kuwa mtawa wa kuhudumia wagonjwa, mkuu wa nyumba akamkatalia. Akajifunza kazi ya kutarizi lesi, na akawa hodari. Walifunga ndoa Julai 1858, wakapata watoto tisa, wakazika wanne wangali wadogo. Watano waliobaki, mabinti wote, wakawa watawa. Mmoja wao ni Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu, wote wawili kwa siku moja, mume na mke. Mlango wa monasteri ulibaki umefungwa. Utakatifu wao waliupata kwenye saa mbovu za wateja, nyuzi, na vitanda vya watoto wagonjwa.

Lakini katika familia hiyohiyo yupo Leonia, yule binti aliyewasumbua wazazi. Alijaribu utawa kwa Waklara, akatoka baada ya wiki chache. Akajaribu kwa Wavisitasyo wa Caen mara mbili, akatoka. Mwaka 1899 alirudi kwa mara ya nne, akabaki huko mpaka alipofariki mwaka 1941. Wazazi walipewa Bithinia, mtoto akapewa Asia. Ndiyo maana hatuwezi kumtungia mtu mwingine jibu.

Basi anayengoja afanye nini? Kwanza asiamue akiwa gizani. Inyasi, katika Mazoezi, anafundisha kwamba wakati wa ukiwa wa roho tusibadilishe uamuzi tulioufanya wakati wa amani, bali tujibadilishe wenyewe: tuongeze sala, tujichunguze zaidi. Wiki ya kwanza baada ya kupokea habari mbaya si wiki ya kuandika barua ya kuacha seminari, wala si ya kumtumia Askofu ujumbe mrefu wa simu saa sita usiku. Pili, amwambie baba wa kiroho yote, pamoja na hasira. Kuna mafrateri wanaosema "nimepokea kwa imani" siku ileile, kisha miezi mitatu baadaye hawali. Paulo hakwenda Troa peke yake. Na alipoiona njozi, Luka anaandika kwamba wote kwa pamoja walikata shauri kwamba Mungu amewaita.

Kwenu wazazi na wanajumuiya tuna ombi. Kijana akirudi nyumbani, msimuulize mbele ya watu atarudi lini. Msimwite "frateri" kwa kejeli, wala msianze siku hiyohiyo kumtafutia mchumba. Sherehe yake ya kwenda seminari mlichanga wote. Basi na kurudi kwake kubebwe na wote. Paroko amkabidhi jambo la kufanya, awafundishe watoto wa Komunyo ya Kwanza au awasaidie wanakwaya, bila kumuuliza maswali. Na kama mambo yataishia kwenye ndoa, siku ya ndoa hiyo vigelegele visipungue.

Kwa somo la jumuiya wiki hii, someni Matendo 16:1-15 polepole, mkiwa na ramani ya safari za Paulo iliyo nyuma ya Biblia zenu. Mmoja aweke kidole Asia, mwingine Bithinia, mwingine Troa. Kisha kila mmoja aseme angesali vipi usiku ule bandarini, kabla hajalala, njozi ikiwa haijaja.